Watazamaji wa Veronika

Akicheka Veronika Banzi, majirani wa Bigwa hawaulizi ni nani. Ni kicheko kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinamshinda mwenyewe, mpaka anashika kitu kilicho karibu asije akaanguka. Mama yake, Elizabeth, husema amekirithi kwa marehemu baba yake, dereva wa lori aliyefariki Veronika akiwa bado shule ya msingi. Tangu msiba ule walibaki wawili katika nyumba yao ya chini ya mlima, binti akisoma, mama akishona. Mama Veronika alishonea barazani, na ikafika mahali hapakuwa na kwaya upande ule isiyovaa sare zake, wala mtoto wa komunyo ya kwanza aliyependeza bila sindano yake.

Alipomaliza kidato cha sita, Veronika alisema anataka kusomea filamu. Mashangazi walishika vichwa. Mama aliuliza tu kama huko watu wanafundishwa kweli au wanacheza, na alipoambiwa wanafundishwa, akasema haya, nenda. Ndivyo Veronika alivyoingia chuo kimoja hapo hapo mjini Morogoro, akawa anaondoka asubuhi na kurudi jioni na nyaya shingoni.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza filamu fupi. Wenzake waliandika majambazi, wakaandika wachawi, wakaandika msichana wa chuo na bwana mwenye gari. Veronika akaandika "Masika ya Pili", habari za Tekla, mjane, mwalimu mstaafu, na Gaspari, mgane, mlinzi wa zahanati, wanaopendana uzeeni katika kijiji cha milimani. Wazo alilipata kwenye harusi moja ya Kihonda alikokwenda kumshikia taa mpiga picha. Bibi harusi alikuwa na mvi, na alicheza kuliko wasichana wote waliomsindikiza.

Mwalimu wao wa uandishi, Raphael, mtu mpole mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo gumu, aliusoma mswada akaukunja.

"Hii filamu ni ya nani?"

"Ya kila mtu, mwalimu."

Akavua miwani. "Veronika, huyo kila mtu mimi nimemtafuta kwenye kumbi nyingi. Sijawahi kumkuta amekaa kwenye kiti. Kabla hujashika kamera, nenda kaniletee watazamaji wako. Wanakaa wapi, wanatazama nini, na nani, saa ngapi wana nafasi. Usije na umri na jinsia tu. Njoo na watu."

Veronika alitoka akicheka, lakini moyoni alikuwa amenywea. Salimu, mwanafunzi mwenzake kutoka Tanga aliyekubali kumpigia kamera, hakuona ugumu wowote.

"Watazamaji ni vijana," alisema. "Vijana ndio wenye simu, ndio wenye bando. Huyo Tekla mpunguze umri, awe na miaka ishirini na mitano, mambo yaishe."

"Mjane wa miaka ishirini na mitano?"

"Mume amegongwa na gari. Simpo."

Wakaanza kutafuta. Siku za kwanza Veronika aliuliza watu moja kwa moja. Alisimama sokoni, akasimama getini chuoni, akawaeleza filamu yake na kuuliza kama wangeitazama. Wote walisema nzuri sana dada, lazima tuitazame, hongera. Kijana mmoja muuza viatu aliisifu kwa mkono kifuani, kisha Veronika alipomuuliza filamu yenyewe inaitwaje, kijana akatazama viatu vyake akitafuta jibu huko. Hapo Veronika akaelewa kwamba watu wa Morogoro wana adabu, na adabu haimsaidii mtu anayetaka kujua ukweli.

Ndipo akabadili mbinu. Akawa anaisimulia filamu kama umbea wa mtaani, kwa madaha, na akifika pale Gaspari anaposhika mkono wa Tekla mlangoni mwa kanisa watu wote wakiona, yeye msimuliaji anasingizia simu yake inaita, anaondoka. Halafu anasikiliza nani atamwita arudi.

Kwenye kibanda umiza cha Mji Mpya, walikojaa vijana wakisubiri mechi, hakuitwa na mtu. Mmoja tu alisema kwamba huyo mzee angepigwa risasi kwanza, hapo ingekuwa picha, na Veronika akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Chuoni wasichana walisema jamani, tamu, wakarudi kwenye simu zao. Salimu, aliyetaka Tekla apunguzwe umri, alikuwa ameanza kuhesabu ushindi.

Kisha wakaenda saluni kwa Mwajuma, karibu na soko. Veronika alisimulia, akafika mlangoni mwa kanisa, akainua simu, akatoka nje. Hakufika hata barabarani.

"Wee! Wewe binti! Rudi hapa!"

Alikuwa mteja mmoja, muuguzi mstaafu, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama kama msitu. Alikuwa amegeuka ghafla mpaka msusi akapoteza alichokishika. "Unatuacha mlangoni mwa kanisa? Watu walisemaje? Padri alikuwepo?" Wasichana waliokuwa wakisubiri kusukwa walimtazama tu, hawakuelewa moto wake umetoka wapi. Veronika alirudi, akamalizia, na yule mama akapiga makofi magotini, akasema, "Hiyo ikitoka uniambie. Nitakuja hata kwa miguu."

"Mmoja," alisema Salimu walipotoka.

"Lakini huyu ameita," alisema Veronika.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alimkuta Mzee Severini barazani akikusanya bisibisi zake. Severini alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Cherehani ya mama ilikuwa imeharibika tena. Ilikuwa haikai wiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vipi masomo?"

"Yanakwenda. Na hiyo cherehani nayo, kwa nini usimwambie mama anunue nyingine?"

Mzee Severini alikohoa. "Hii ni imara," alisema. "Inataka kuangaliwa tu." Akaaga, akashuka na kijia chake.

Veronika akavuta kigoda, akaona kwa nini asimjaribu na mama. Akasimulia huku mama akishona, na alipofika mlangoni mwa kanisa hakuwa na haja ya kusingizia simu, kwa sababu mguu wa mama ulikuwa umesimama juu ya pedali.

"Watoto wao walisema nini?" mama aliuliza.

"Watoto gani?"

"Hao wawili hawana watoto? Mtu ana miaka sitini, asiwe na mtoto wa kumuuliza unakwenda wapi?"

Veronika alicheka. "Sijafikiria, mama. Watoto hawamo."

"Fikiria," alisema mama. Akakanyaga tena, na mshono ukaenda upande, ikabidi aufumue. Veronika aliona mama amechoka, akaenda kuinjika chai.

Jumamosi iliyofuata yeye na Salimu walipanda milimani, kijijini Kinole, kwa mama mdogo Regina, ndugu wa mama yake wa tumbo moja. Ilikuwa msimu wa karafuu, na uwanja mzima wa Regina ulikuwa na majamvi. Kina mama wa jirani walikuwa wamekaa wakichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake, vidole vinakwenda vyenyewe na midomo imebaki huru. Hapakuwa na mahali bora duniani pa kusimulia kitu. Salimu alipewa fenesi na kisu, akaambiwa akae asisumbue.

Veronika alisimulia. Safari hii hakuhitaji kuongeza madaha, kwa maana wasikilizaji waliongeza yao. Alipomtaja Tekla wakauliza wa ukoo gani. Alipomtaja Gaspari wakataka kujua marehemu mkewe alikuwa mtu wa wapi. Akafika mlangoni mwa kanisa, mkono ukashikwa, akainua simu sikioni.

"Acha uongo," alisema mama mmoja. "Huku mtandao uko juu ya ule mlima."

Akaondoka hivyo hivyo mpaka kwenye migomba, na nyuma yake zikapanda sauti zote kwa pamoja, kwa Kiswahili na Kiluguru, zinamwita, zinamlaumu, zinamtishia kumnyima chakula. Alirudi machozi ya kicheko yanamtoka. Akamalizia: Tekla anafunga sanduku lake, anahamia kwa Gaspari, wanaishi kwa furaha.

Vidole vyote vikasimama.

"Anahamia kwa nani?"

"Kwa Gaspari."

"Anaacha shamba la mama yake?" aliuliza Regina. "Shamba la ukoo wao, alilolima yeye, alilolima na bibi yake? Amwachie nani? Mwanangu, wewe ni Mluguru wa wapi?"

Jamvi zima likaangua kicheko. Veronika alijua ardhi ile hufuata upande wa mama, aliyajua hayo tangu utotoni; lakini alipokaa kuandika, mkono wake ulikuwa umeandika kama tamthilia za kwenye televisheni, ambako mwanamke siku zote ndiye anayefunga sanduku.

"Basi Gaspari ndiye ahame," alisema.

"Ahame yeye na jogoo wake," alisema mama mwingine, na mambo yakapamba moto, kila mmoja akampangia Gaspari namna ya kuingia katika nyumba ya watu. Katikati ya kelele mwanamke aliyekaa pembeni, ambaye hakuwa amesema kitu, akauliza taratibu:

"Na watoto je? Watoto wao walisema nini?"

Kelele zikashuka. Veronika aliona jinsi nyuso zilivyomgeukia zote, bila mzaha. Lilikuwa swali lile lile.

"Ajabu," alisema. "Hata mama aliniuliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo."

Regina aliacha karafuu. "Elizabeth amekuuliza hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi ameanza kukuambia. Afadhali."

"Kuniambia nini?"

Regina akaziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wenzake walikuwa wameinamia karafuu kama watu wanaotafuta sindano. Mwishowe akashusha mkono. "Mwanangu," alisema, "ni cherehani gani hiyo inayoharibika kila wiki?"

Veronika aliinuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya gogo karibu na mti wa mdalasini. Kwanza alimwona baba yake, na lori lake, na namna alivyokuwa akipiga honi tangu kwenye kona. Kisha akamwona Mzee Severini akikusanya bisibisi zake polepole, na mama akimkaribisha chai kwa sauti ambayo Veronika alidhani ni ya adabu tu. Alikasirika. Kinole nzima inajua, na yeye anayelala chumba cha pili hajui! Akalia kidogo. Kisha akakumbuka jinsi alivyomwambia Mzee Severini mama anunue cherehani nyingine, na sura ya yule mzee alipokohoa, na kicheko kikaanzia kule kinakoanzia. Salimu alikuja mbio akidhani ameumwa na nyoka.

"Umepatwa na nini?"

"Salimu," alisema akifuta macho, "mtazamaji wangu wa kwanza nimeishi naye nyumba moja."

Kabla ya kuondoka alirudi jamvini, akauliza maswali aliyotumwa. Filamu huwa mnatazama wapi? Wakamwonyesha banda la mpira chini barabarani. Huko wanaingia wanaume na vijana, jioni, saa ambayo chakula kiko motoni. "Tukitoka, nani anapika?" Simu walikuwa nazo, ndogo, za kuongea. Hawakuwa watu wasiopenda filamu, ila hakuna aliyewahi kuwaletea mahali wanapokaa, saa wanayokaa. Na saa ipi wana nafasi? Wakasema Jumapili, baada ya misa. Hapo ndipo mtu anaweza kukaa bila kuitwa na mtu.

Nyumbani Bigwa, mama alikuwa akipima gauni kwenye meza. Veronika alisalimia, akavuta kigoda.

"Mama, nimetoka kwa mama mdogo."

Mama alitazama uso wa binti yake, akaweka mkasi chini. "Regina hana kifua," alisema.

"Nilikasirika. Njia nzima nilikuwa nimekasirika."

"Kwa ajili ya baba yako?"

"Kidogo. Zaidi kwa sababu wote wanajua isipokuwa mimi."

Mama alinyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka. "Nilikuwa naogopa uso wako. Wewe ukicheka nyumba nzima inacheka. Nikawa najiuliza, nikimwambia, halafu asicheke?"

Veronika alimtazama mama yake kama mtu anayetazama kwa mara ya kwanza: kitambaa kizuri kichwani, siku ya kazi, hereni ndogo alizodhani za kanisani tu.

"Cherehani ina ubovu gani hasa?" aliuliza mwishowe.

"Haina kitu," alisema mama. "Nzima kabisa. Huwa nalegeza mkanda."

Walicheka wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na hawakuweza kumwambia.

Jumatatu Veronika alisimama mbele ya Mwalimu Raphael. Alimweleza habari za muuguzi mwenye kichwa nusu, na kina mama wa karafuu, na banda la mpira. "Nilidhani natafuta mtazamaji mmoja," alisema. "Ni wawili. Ni mama aliyebaki peke yake, na mtoto wake mkubwa, wamekaa benchi moja, na jambo hili hawajawahi kulizungumza. Nikimpata mama, atamleta mtoto. Vijana watakuja kwa mlango huo."

Mwalimu Raphael alishika miwani, lakini safari hii hakuivua. "Kapige filamu yako," alisema.

Aliuandika mswada upya. Akamwingiza binti wa Tekla, mwenye hasira na mwenye mapenzi, na sehemu hiyo aliiandika haraka kwa sababu alikuwa anaijua. Gaspari akahama, na jogoo akahama naye. Wakati wa kuhariri, Veronika alimlazimisha Salimu aache nafasi ya kimya baada ya kila jambo la kuchekesha, kwani alikuwa ameshawaona watazamaji wake: wataongea, na filamu isipowasubiri itawapita.

Mwalimu wao alipenda filamu ionyeshwe chuoni kwanza, na ikaonyeshwa, wakapiga makofi. Lakini siku ambayo Veronika anaihesabu kuwa ndiyo yenyewe ilikuwa Jumapili moja Kinole. Paroko aliwapa ukumbi. Waliziba madirisha kwa maturubai na khanga, wakatundika shuka nyeupe, jenereta likawekwa mbali nyuma ya jiko ili lisipige kelele. Kina mama walijaa kabla Salimu hajamaliza kufunga nyaya. Yule muuguzi wa saluni naye alikuja kutoka mjini, kichwa kizima sasa, na kijana wake wa kiume aliyeonekana ameletwa kwa nguvu. Na kwenye benchi la katikati alikaa Elizabeth, na pembeni yake Mzee Severini, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

Hawakutazama kimya hata kidogo. Walimsalimia Tekla alipotokea. Walimwonya Gaspari asipite njia ile. Mkono uliposhikwa mlangoni mwa kanisa ukumbi ulipiga vigelegele mpaka jenereta likasahaulika. Lakini binti alipomfungia mama yake mlango, akamwambia, "Na baba je, umemsahau?", ukumbi wote ulinyamaza, na katika kimya kile mwanamke yule yule aliyeuliza swali jamvini alisimama, akaiambia shuka:

"Hajamsahau, mwanangu. Mfungulie."

Veronika alikuwa amesimama kando ya projekta. Alimwona kijana wa muuguzi akimtazama mama yake, kwa chinichini, kisha akisogea karibu kwenye benchi. Alimwona mama yake mwenyewe akijifuta kwa upindo wa khanga, na Mzee Severini akitazama mbele, imara, kama mtu anayepigwa picha.

Filamu ilipokwisha hawakuinuka. Wakadai irudiwe. Ikarudiwa, na mara ya pili wakawa wanayasema maneno kabla waigizaji hawajayasema. Mwenye banda la mpira, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, alimvuta Salimu pembeni na kumwambia kwamba Jumapili mchana banda lake huwa halina mtu, na kwamba angeweza kulifagia.

Harusi ilifungwa Bigwa baada ya Pasaka. Kina mama wa Kinole waliteremka na mafenesi, mananasi na ngoma zao, wakaiteka shughuli yote. Mzee Severini alihamia kwa Elizabeth, na wale wazee wa ukoo waliopenda kuona mambo yakienda kama zamani walisema safari hii yamekwenda sawasawa. Veronika alikuwa amepewa kamera kuu siku ile. Akapiga vizuri kanisani, akapiga vizuri pete. Lakini mama yake alipoanza kucheza, mkono mmoja umeinua gauni alilolishona mwenyewe, na Mzee Severini akimfuata kwa hatua za mtu anayevuka mto kwenye mawe, mpiga picha alishindwa. Alimpa Salimu kamera, akavua viatu, akaingia katikati.